Ukumbusho Kabla ya Makumbusho: Tshibumba Kanda-Matulu na Historia ya Kongo katika Kiswahili cha Katanga

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha na kazi ya Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora na kusimulia historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja. Hoja kuu ni kwamba masimulizi hayo, yaliyotolewa kwa Kiswahili cha Katanga, si maelezo ya pembeni bali ni sehemu ya kazi yenyewe. Kwa kuchunguza dhana ya ukumbusho pamoja na mifano ya picha zake, makala inaonesha kwamba mchoraji huyu anastahili kujadiliwa katika historia ya fasihi ya Kiswahili, na kwamba kuachwa kwake kumetokana na mipaka ambayo taaluma yenyewe imejiwekea kuhusu fasihi na kuhusu Kiswahili.

1. Utangulizi

Anayetafuta historia ya Kongo iliyoelezwa kwa Kiswahili hukutana na matini chache zilizopishana sana kwa wakati na kwa mtazamo. Ya kwanza ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Tawasifu hiyo inaeleza kwa kirefu habari za Kasongo, Nyangwe na bonde la Lualaba, lakini kwa jicho la mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyetoka Unguja na kurudi Unguja. Ya pili ni matini ya mwaka 1965 iitwayo *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, iliyotungwa na André Yav kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani. Licha ya kichwa chake cha Kifaransa, matini hiyo ni historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili na watu waliopika, waliofua na waliofagia katika nyumba za Wazungu. Baada ya kuhaririwa na kuchambuliwa na Fabian (1990), imepata wasomaji wengi katika taaluma ya historia kuliko katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili.

Ya tatu ndiyo inayohusika hapa. Haikuandikwa kama kitabu. Ilichorwa kwenye vitambaa vya mifuko ya unga, kisha ikasimuliwa kwa mdomo, picha baada ya picha, mbele ya kinasasauti. Pengine ndiyo sababu imekosa pa kuwekwa. Mtaalamu wa sanaa ameitazama kama michoro yenye maelezo, mwanaanthropolojia kama ushahidi wa fikra za watu wa mjini, na mwanaisimu kama sampuli ya lahaja. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni jepesi kulitamka: je, si masimulizi ya Kiswahili yenye mtunzi, mpango na kusudi?

2. Mji wa shaba na lugha yake

Kiswahili kilifika Katanga kabla ya ukoloni wa Kibelgiji. Misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Tabora ilifika Bunkeya, makao ya Msiri, mtawala mwenye asili ya Unyamwezi aliyeuawa mwaka 1891. Hata hivyo, lugha anayoisema Tshibumba haikutokana na misafara hiyo peke yake. Ilikuzwa zaidi na migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Katika makambi ya migodi na reli, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, kisha kikawa lugha ya mtaa, na hatimaye kikawa lugha ambayo watoto waliozaliwa mjini waliipokea majumbani mwao.

Tangu uchunguzi wa Polomé (1968), sifa za lahaja hii zinajulikana vizuri. Kiambishi cha ngeli ya watu huwa *ba-* mahali pa *wa-*, na cha wingi wa vitu huwa *bi-* mahali pa *vi-*. Umbo *iko* hutumika panapotarajiwa *ni*, na *njo* hufanya kazi ya *ndiyo* au *ndiye*. Maneno ya Kifaransa yameingia kwa wingi, hasa yanayohusu siasa, ufundi na utawala. Kwa msomaji aliyefunzwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja wa maandishi ya mazungumzo hayo huweza kuonekana kama orodha ya makosa. Kwa msemaji wake, ni lugha kamili inayotosha kubeba hoja nzito. Kitu kimoja kinaonesha jinsi lugha hiyo ilivyotawala taswira ya mahali: mapema katika miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilipoacha jina la Katanga, jimbo liliitwa Shaba, neno la Kiswahili la madini yaliyolijenga.

3. Mchoraji na soko lake

Tshibumba alizaliwa Elisabethville katika familia yenye asili ya Kasai. Alikuwa na umri wa miaka 13 hivi Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Katika miaka ya kujitenga, iliyoishia Januari 1963, Waluba wa Kasai waliishi kwa mashaka makubwa mjini, na maelfu kati yao walikimbilia kambi iliyolindwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mambo mengi aliyokuja kuyachora hayakuwa ya kusikia tu. Yalitokea katika mji wake, katika miaka ambayo kijana huanza kuuliza maswali ya watu wazima.

Wakati huo Lubumbashi ilikwisha kuwa na sifa katika uchoraji. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kama Le Hangar, walikotoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Samaki, ndege na swala wa wasanii hao walipendwa na wanunuzi wa Kizungu, na kazi zao zilisafiri mapema kwenda nje. Tshibumba hakutoka katika shule hiyo, wala hakuchora kwa ajili ya soko hilo. Yeye na wenzake wa miaka ya 1960 na 1970 waliuza picha zao kwa watu wa mji: makarani, mafundi, wafanyakazi wa migodi na wenye baa. Picha hizo zilitundikwa sebuleni, juu ya viti vya wageni. Zilichorwa kwa rangi za kawaida kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, na wazo lililopendwa lilirudiwa kwa kila mteja aliyelitaka.

Kurudia huko kumewafanya wakosoaji wengine wazione picha hizo kama bidhaa tu. Hapa mwanafasihi ana jambo la kuongeza. Katika simulizi, fanani hadharauliwi kwa kuwa ngano yake ilikwisha kusimuliwa jana. Anapimwa kwa namna anavyoisimulia leo, mbele ya hadhira hii. Picha moja ya Lumumba iliyochorwa mara nyingi haina nakala ya asili inayozishinda nyingine. Kila moja ni utendaji, na mteja anayeipeleka nyumbani huwa msimulizi wa pili, kwa sababu mgeni akiuliza, lazima aelezwe.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Alimweleza nia yake ya kuchora historia nzima ya nchi. Katika miezi iliyofuata, hadi mwishoni mwa mwaka 1974, alileta picha kwa mafungu. Kila fungu lilipofika, alisimulia picha moja moja, na baadaye mazungumzo yakaendelea kwa maswali na majibu. Zikapatikana picha zipatazo mia moja, kuanzia mambo ya mababu na kufika kwa Wareno katika ufalme wa Kongo, kupitia ukoloni, uhuru na kujitenga, hadi utawala wa Mobutu na wakati ujao.

Haitakuwa haki kuficha hali ya mapatano hayo. Mnunuzi alikuwa mgeni mwenye mshahara, na mchoraji alikuwa kijana mwenye familia ya kulisha. Bila mnunuzi wa namna hiyo, huenda mfululizo mrefu kiasi hicho usingechorwa, kwani hapakuwa na mteja wa mtaani ambaye angenunua picha mia moja. Hata hivyo, kulipiwa kazi si kuamriwa la kusema. Mpango wa historia ulikuwa wa Tshibumba, na katika mazungumzo yaliyorekodiwa alijitambulisha kama msanii na mwanahistoria. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika, na hatima yake haikujulikana kwa watafiti waliokuwa wakimfuatilia.

4. Ukumbusho kama dhana ya kifasihi

Szombati-Fabian na Fabian (1976) walieleza kwamba wachoraji na wateja wa mji huo walikuwa na neno moja la kutaja kazi ya picha hizi: *ukumbusho*. Mofolojia ya neno hili inastahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi *kumbuka* kinataja tendo linalotokea ndani ya mtu. *Kumbusha* ni umbo la usababishi: kuna anayesababisha na anayesababishiwa. *Ukumbusho*, kwa kuwa limetokana na umbo hilo la pili, si kumbukumbu iliyohifadhiwa akilini bali ni jambo linalofanyika baina ya watu. Kitu chenye ukumbusho humwamsha mwingine, nacho hakitimizi kazi yake mpaka pawepo mtu wa kuamshwa.

Dhana hii inafafanua mambo mawili katika kazi ya Tshibumba. La kwanza ni kwamba picha zake hazijaribu kusema kila kitu. Mara nyingi huwa na maandishi mafupi ya Kifaransa yanayotaja tukio, mwaka au mtu, kisha huacha mengine kwa msimulizi. Kifaransa kilikuwa lugha ya hati, ya shule na ya ofisi, nacho kiliipa picha muhuri wa ushahidi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuieleza, kuitilia shaka na kuijadili. Mgawanyo huo wa kazi haukutokana na kukosa msamiati. Ni mpango wa utunzi unaotumia lugha mbili kwa madaraka mawili tofauti.

La pili ni kwamba historia ya namna hii huelekezwa kwa walio hai. Tarikh za pwani, kama zile za Pate na Lamu, ziliandikwa ili kuthibitisha nasaba na haki za watawala. Matini ya Yav iliandikwa ili kazi ya watumishi isisahauliwe. Tshibumba alitaka jambo pana zaidi: raia wa nchi ambayo majina yake yalikuwa yakibadilishwa kwa amri, kuanzia jina la taifa hadi jina la mtu, awe na mfuatano wa matukio anaoweza kuusimulia mwenyewe. Tunapokumbuka kwamba nchi ilipewa jina la Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, miaka miwili tu kabla ya mfululizo huo kuanza, tunaona uzito wa kazi hiyo.

5. Kusoma picha kwa sikio la Kiswahili

Mfano wa kwanza ni picha iliyopendwa sana mjini, yenye maandishi *Colonie Belge 1885–1959*. Katika uwanja wa gereza, mfungwa amelazwa chini akichapwa na askari Mwafrika, huku ofisa wa Kizungu akisimamia. Mwanahistoria wa chuoni atasahihisha tarehe hizo haraka. Mwaka 1885 palianzishwa Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold II, na Ubelgiji ilikabidhiwa nchi hiyo mwaka 1908. Uhuru nao ulipatikana mwaka 1960. Lakini tarehe za mchoraji zina mantiki yake. Kwa aliyechapwa, kubadilika kwa mwenye hati ya kumiliki hakukubadilisha kiboko, ndiyo maana 1885 na 1908 haviachani. Mwisho nao unaweza kusomwa hivyo hivyo: tarehe 4 Januari 1959 watu wa Léopoldville waliingia barabarani, na ukoloni ukapoteza uwezo wa kutisha, ingawa bendera ilibaki mlingotini kwa mwaka mmoja na nusu. Tukiisoma hivyo, picha inakuwa hoja kuhusu namna ya kugawa nyakati, jambo ambalo ni kiini cha kazi ya mwanahistoria yeyote.

Mfano wa pili ni picha ya *Simba Bulaya*, inayohusu hadithi ya Wazungu waliosemekana kuwateka watu usiku mjini na kuwala. Umbo *Bulaya* lina historia yake. Neno *Ulaya*, lenye asili ya Kiarabu, lilichukuliwa katika Kiswahili kama nomino yenye kiambishi *u-*, na wasemaji wa Katanga wakakipa kiambishi hicho umbo la lugha zao, *bu-*. Hadithi yenyewe ina ndugu zake. Kenya, Tanzania na Uganda hadithi za mumiani na za wazimamoto waliodaiwa kunyonya damu zilienea katika miaka hiyo hiyo, na White (2000) amezichunguza kama chanzo cha historia ya ukoloni. Uamuzi wa Tshibumba wa kuipa hadithi hii nafasi katika mfululizo mmoja na vita, mikataba na hotuba una maana kubwa. Unasema kwamba hofu ya watu nayo ni tukio la kihistoria, na kwamba mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuiacha nje kwa sababu haikuacha hati.

Mfano wa tatu ni mauaji ya wagomaji wa Union Minière mwezi Desemba 1941. Askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika katika uwanja wa mpira mjini Elisabethville. Gavana Maron na kiongozi wa wagomaji, Mpoyi, wanajulikana kwa majina katika simulizi za mji, na Tshibumba aliwaweka ana kwa ana. Tukio lilitokea miaka sita kabla ya kuzaliwa kwake. Alilipokea kwa masikio, akalirudisha kwa macho. Njia hiyo, kutoka simulizi hadi picha na kutoka picha hadi simulizi, ndiyo njia ya kazi yake yote.

Mfano wa nne ni kifo cha Lumumba. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa karibu na Elisabethville usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Tshibumba anaonesha miili yao ikiwa imelala, na nyuma yake misalaba mitatu. Damu itokayo ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mtazamaji Mkristo hahitaji kuambiwa kwamba Golgotha imehamia Katanga. Lakini kuna jambo la pili, lililo gumu zaidi. Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyempindua mwaka 1960. Kumchora Lumumba kwa heshima hiyo hakukuwa uasi wa wazi, kwani dola ilikwisha mtukuza. Wala hakukuwa utii, kwani msalaba humfanya mtazamaji aulize nani aliyekuwa Yuda na nani aliyenawa mikono. Picha inaliacha swali hilo bila jibu. Katika nchi yenye chama kimoja na masikio mengi, kimya cha namna hiyo kilikuwa sehemu ya ufundi wa kusema.

6. Nafasi ya Tshibumba katika fasihi ya Kiswahili

Mfululizo wote ulifika kwa wasomaji wa dunia katika kitabu cha Fabian (1996), masimulizi yake yakiwa yametafsiriwa kwa Kiingereza. Miaka mitatu baadaye, maonesho ya picha za Lumumba yaliyoandaliwa na Jewsiewicki mjini New York yaliwasilisha kazi zake pamoja na za wachoraji wengine wa Kongo. Mkusanyiko wa Fabian ulihifadhiwa katika makumbusho ya Tropenmuseum, Amsterdam. Matini ya Kiswahili ilitolewa baadaye kwa mfumo wa kielektroniki, ikiwa na maandishi ya mazungumzo na tafsiri.

Mfuatano huo una kinaya ambacho wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kukitafakari. Mojawapo ya masimulizi marefu zaidi ya historia ya taifa kuwahi kutolewa na mtu mmoja kwa Kiswahili lilisomwa kwanza kwa Kiingereza, likajadiliwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na bado halimo katika mihtasari mingi ya fasihi ya Kiswahili Afrika Mashariki. Sababu zinazoweza kutolewa ni tatu. Inasemwa kwamba kazi hii si maandishi. Lakini taaluma hii imekubali kwa muda mrefu kwamba fasihi simulizi ni fasihi. Inasemwa kwamba ni mazungumzo na mtafiti. Lakini ngano na tendi nyingi zilizomo katika mikusanyo inayofundishwa zilisemwa mbele ya mmisionari au afisa aliyezitaka. Sababu ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo yenye nguvu: Kiswahili chake si sanifu.

Hapo ndipo penye gharama. Kama fasihi ya Kiswahili ni ile tu iliyotungwa kwa lahaja iliyosanifishwa kutokana na Kiunguja kuanzia miaka ya 1930, basi mamilioni ya wasemaji wa mashariki ya Kongo wana lugha lakini hawana fasihi, na historia waliyoisimulia huhesabiwa kuwa data ya sarufi. Ushairi wa Kiamu na Kimvita haukukataliwa kwa sababu ya umbo la lahaja yake. Ulihaririwa, ukafafanuliwa na kufundishwa. Masimulizi ya Tshibumba yanahitaji utaratibu ule ule: toleo la kitaaluma lenye matini ya Kiswahili cha Katanga kama ilivyosemwa, ufafanuzi wa msamiati kwa Kiswahili sanifu, na picha kando yake, ili msomaji wa Dodoma, Eldoret au Bukavu aisome kazi hiyo bila kupitia lugha ya tatu.

7. Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonesha kwamba Tshibumba Kanda-Matulu alikuwa mchoraji aliyesimulia na msimulizi aliyechora, na kwamba sehemu moja ya kazi yake haielewi wala kueleweka bila nyingine. Picha zake zinagawa nyakati, zinapima ushahidi, zinapokea simulizi za mji na kuzipa mpangilio. Kiswahili chake kinafanya kazi ambayo maandishi ya Kifaransa yaliyo kwenye kitambaa hayakukusudiwa kuifanya.

*Ukumbusho* na *makumbusho* ni maneno ya shina moja. La kwanza lilitaja picha iliyotundikwa sebuleni Lubumbashi, mbele ya mwenyeji na mgeni wake. La pili linataja jengo ambamo picha hizo hizo zimehifadhiwa vizuri, mbali na waliokuwa na la kusema juu yake. Kazi ya kuzirudisha haiwezi kufanywa na wanafasihi peke yao, kwani umiliki wa vitambaa hivyo ni suala la kisheria na la kisiasa. Lakini masimulizi hayakai katika kabati la mtu. Yamo katika Kiswahili, na wenye Kiswahili wanaweza kuanza kuyasoma sasa.